Maswali na majibu: Modeli ya 10000, dizeli ya kwanza ya njia kuu Uingereza

Wiki hii mmeuliza zaidi juu ya kichwa cha treni cha 10000 kwa kipimo cha OO, yaani 1 kwa 76.

Kichwa chenyewe kipo wapi, nikakione?

Hakipo. Kilitoka karakana ya Derby Desemba 1947, pacha wake 10001 akafuata 1948, na vyote viwili vikakatwa vyuma chakavu mwaka 1968. Inauma, maana injini yao ya kampuni ya English Electric, silinda 16 na nguvu za farasi 1,600, ndiyo iliyowatengenezea njia dizeli nyingi za Uingereza zilizokuja baadaye. Kwa hiyo modeli yako ikikosea, hakuna cha asili cha kuisahihisha zaidi ya picha.

Ninunue cheusi au cha kijani?

Amua kwanza unaigiza mwaka gani. LMS, kampuni ya reli iliyokiunda, ilitaifishwa Januari 1, 1948, wiki chache tu baada ya 10000 kukamilika, lakini kichwa kikaendelea kutembea na herufi LMS ubavuni. 10001 hakikuwa nazo. Basi ukiona modeli ya 10001 yenye LMS, iache dukani. Cheusi chenye mkanda na bogi (fremu za magurudumu chini ya kichwa) za rangi ya fedha kinafaa kuvuta treni ya London Euston kwenda Glasgow, vichwa viwili vikiwa vimeungwa. Ndiyo maana usoni kuna mlango: wafanyakazi walipita humo kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Mwaka 1953 vilihamishiwa kusini, vikavuta treni za stesheni ya Waterloo, London. Kijani kikaja mwaka 1956. Mimi ningechukua cheusi chenye LMS, kwa sababu kinabeba kwa pamoja kampuni iliyokuwa inakufa na teknolojia iliyokuwa inazaliwa.

Nikiviunga viwili, kimoja kinamsukuma mwenzake.

Mota hazilingani kasi. Kwa umeme wa kawaida wa volti 12, chenye kasi zaidi kiweke mbele. Kwa mfumo wa kidijitali, punguza kasi yake mpaka vilingane.

Kinasitasita kikienda polepole.

Uchafu kwenye magurudumu. Tandika kitambaa chenye spiriti juu ya reli, bogi moja ikae juu yake na nyingine ibaki kwenye reli tupu, washa umeme magurudumu yazunguke, kisha geuza upande. Usitumie msasa kamwe. Mikwaruzo yake hushika uchafu upya.

Naweza kukiweka pamoja na modeli za Afrika Mashariki?

Ukoo ni mmoja: English Electric ndiyo iliyounda pia vichwa vya dizeli vilivyoletwa na East African Railways miaka ya 1960. Reli ndizo tofauti. Za kwetu zilikuwa na upana wa mita 1, ambao kwa kipimo hiki ni kama milimita 13, na 10000 inahitaji reli za milimita 16.5. Tandika njia mbili sambamba, kila moja na treni zake.