Maswali yenu: beji ya bwana haikuwa pambo

Beji na nembo ya ukoo si kitu kimoja?

Si kimoja, na nimeshalijibu hili mara nyingi. Someni majibu ya nyuma kabla ya kuandika. Nembo ya ngao ilikuwa mali ya mwenyewe. Beji, bwana, yaani kabaila wa Uingereza ya zama za kati, aliwagawia watu wake, kuanzia askari hadi mtunza farasi. Anayekuuzia "beji ya ukoo wako" anakuuzia alama ya bwana aliyewatumikisha.

Zilitengenezwa kwa madini gani?

Za wadogo, risasi na bati, hata kitambaa: Mfalme Richard III wa Uingereza, ambaye beji yake ilikuwa ngiri, aliagiza 13,000 za kitambaa zenye ngiri mweupe mwaka 1483. Za wakubwa, dhahabu.

Kipande cha bati kiliwezaje kulisumbua Bunge la Uingereza?

Swali zuri kuliko yote. Mwenye beji alijua kwamba akishtakiwa, bwana wake atamsimamia. Shahidi akiiona kifuani pa mshtakiwa, alimeza maneno yake. Ndiyo maana wabunge walilalamika mwaka 1384, na mwaka 1390 Mfalme Richard II akatoa amri ya kubana ugawaji wa beji. Lakini yeye mwenyewe aligawa beji za kulungu mweupe! Itazameni Wilton Diptych, picha ya mbao mbili zilizounganishwa iliyoko National Gallery, London. Mfalme amepiga magoti, na beji iko kifuani. Kulungu amelala, taji limemzunguka shingo, mnyororo wa dhahabu unaning'inia. Sasa hamieni ubao wa pili, wenye Bikira Maria: malaika wote 11 wamevaa kulungu yuleyule. Mtawala anayewavika malaika beji yake atamkanya kabaila gani? Msiniambie ni sanaa tu.

Ni kweli beji ziliwahi kuponza jeshi?

Kwa masimulizi ya zama zile, ndiyo. Vita vya Barnet, Uingereza, 14 Aprili 1471, ukungu mzito: makabaila Warwick na Oxford walikuwa upande mmoja dhidi ya Mfalme Edward IV. Watu wa Oxford walivaa nyota yenye miale, wa Edward IV jua lenye miale. Watu wa Warwick wakawafyatulia mishale wenzao wa Oxford, zikapigwa kelele za usaliti, safu zikavunjika. Warwick aliuawa siku hiyo.

Ninunue beji ya kale mtandaoni?

Muulize muuzaji ilichimbwa wapi. Akibabaika, acha. Ngiri mdogo wa fedha iliyopakwa dhahabu, aliyepatikana mwaka 2009, alisaidia kuonyesha mahali Richard III alipopigania maisha yake katika vita vya Bosworth mwaka 1485, kwa sababu aliyemwokota aliandika mahali penyewe. Angemtia mfukoni na kumuuza kimyakimya, tungebaki na pambo.