Maswali ya Wasomaji: Shampeni Mbili za Mwaka Mmoja

SWALI: Katika sherehe ya kuhitimu ya mtoto wa dada yangu hapa Brussels, mwenyeji wetu alifungua chupa mbili za shampeni ya kampuni moja, zote zikiwa za mavuno ya 2008. Ya kwanza ilikuwa na rangi ya dhahabu, ilinukia asali na korosho za kukaanga, na viputo vyake vilikuwa vichache. Ya pili ilikuwa na uchachu mkali wa limau pamoja na harufu ya mkate uliotoka tanurini. Lebo za nyuma zilionyesha kwamba ya kwanza iliondolewa mashapo, yaani hamira iliyotuama chupani, mwaka 2017 na ya pili mwaka 2023. Nilitarajia ile iliyokaa ghalani muda mrefu zaidi ndiyo ionekane imezeeka. Mbona imekuwa kinyume?
Msomaji, Brussels

JIBU: Ndugu msomaji, nimefurahi kwamba ulisoma lebo ya nyuma, kwa kuwa wanywaji wengi huishia kwenye mwaka wa mavuno, na mwaka huo peke yake hausemi mvinyo umekomaa kwa njia ipi. Shampeni hukomaa mara mbili, na hatua hizo mbili hazifanani.

Hatua ya kwanza hupita mvinyo ukiwa pamoja na hamira. Mvinyo mkavu hutiwa kwenye chupa pamoja na sukari kidogo na hamira, kisha huchachuka upya humo humo, na gesi inayozalishwa hubaki imefungiwa kwa shinikizo linalokaribia mara sita ya lile la hewa ya kawaida. Sukari ikiisha, hamira hufa na kutuama kama mashapo. Hapo ndipo kazi ninayoipenda kuliko zote huanza: vimeng'enya vilivyomo ndani ya seli hizo zilizokufa huzimeng'enya seli zenyewe polepole, kwa miezi na hatimaye kwa miaka, na kuachia ndani ya mvinyo asidi za amino na chembechembe nyingine zinazoupa ulaini mdomoni na ile harufu ya mkate uliyoisikia. Kwa kuwa maghala ya Reims na Épernay, miji ya Ufaransa inakotengenezwa shampeni, yamechimbwa ndani ya mwamba wa chaki, na baridi yake hukaa kwenye nyuzi 10 hadi 12 za Selsiasi mwaka mzima, kazi hiyo haina haraka. Sheria hudai shampeni ya mwaka maalumu ikae ghalani angalau miaka 3, ilhali ile ya kawaida, inayochanganya mavuno ya miaka tofauti, hudaiwa miezi 15 tu. Kampuni zinazojali huzidisha sana.

Jambo linalojibu swali lako ni kwamba mashapo hayo hufyonza oksijeni. Maadamu yamo chupani, mvinyo unalindwa, na ndiyo maana chupa yako ya pili, baada ya kukaa nayo kwa takribani miaka 14, ilikuwa bado na ukali wake wote. Isitoshe, mwaka 2008 ulikuwa wa ubaridi katika jimbo la Champagne, zabibu ziliiva taratibu, na uchachu wake ulikuwa mwingi tangu mwanzo.

Hatua ya pili huanza siku mashapo yanapoondolewa. Shingo ya chupa hugandishwa, kifuniko hufunguliwa, na shinikizo hurusha nje kipande cha barafu kilichobeba mashapo. Kisha huongezwa mvinyo wenye sukari kidogo na chupa huzibwa kwa kizibo cha gome la mti. Tangu saa hiyo mlinzi hayupo. Hewa iliyoingia wakati chupa iko wazi, na ile inayopenya kizibo kidogo kidogo, hubadilisha rangi na harufu, gesi nayo hupungua, huku sukari iliyoongezwa ikikutana na asidi za amino na kuleta harufu za karanga, kahawa na tosti. Chupa yako ya kwanza imepita njia hiyo kwa miaka mingi. Bollinger, kampuni ya shampeni, walilifanya jambo la kuchelewesha kuondoa mashapo kuwa bidhaa mwaka 1967, walipoanza kuuza mavuno ya 1952 yaliyoondolewa mashapo karibuni, ili mnywaji apate ukomavu na uchangamfu katika glasi moja. Binafsi, kwa chakula ningechagua ile ya dhahabu.

SWALI: Nina chupa ya shampeni ya kawaida niliyopewa harusini miaka sita iliyopita, nayo imo kwenye kabati la jikoni. Je, inazidi kuwa nzuri?
Msomaji, Mombasa

JIBU: La, ndugu yangu. Haina mashapo tena ya kuilinda, na joto la jikoni huharakisha kuzeeka kuliko ghala lolote la chaki. Iweke kwenye jokofu usiku kucha, uifungue kesho.