Pumzi 18 kwa kila mgonjwa

SWALI: Dokta, mimi ni muuguzi wa idara ya dharura. Juzi usiku tulipokea mzee mwenye homa na kikohozi. Monita ilionyesha pumzi 31 kwa dakika. Nilipohesabu kwa sekunde 15 nikazidisha kwa 4 nilipata 24, lakini mwenzangu aliyempokea alikuwa ameandika 18. Oksijeni kwenye kifaa cha kidoleni ilisoma asilimia 97, nikaambiwa nisihangaike. Nani alikuwa sahihi? (Muuguzi, Dodoma)

JIBU: Sista, kati ya namba hizo tatu nina hakika moja tu ilitoka kwa mtu aliyemtazama mgonjwa, nayo ni yako. Hata hivyo, sekunde 15 hazitoshi. Uliona pumzi 6. Ungeanza kuhesabu nukta chache baadaye, huenda ungeona 5, ukaandika 20. Katika NEWS2, mfumo wanaotumia Uingereza kumpa mgonjwa alama nyingi zaidi kadiri hali yake inavyotisha, 20 haina alama yoyote, 24 ina alama 2, na 25 ina alama 3. Pumzi moja uliyoikosa inageuka nne kwenye faili, na mzee anahama kutoka benchi hadi kitandani, au anabaki benchi. Hesabu dakika nzima.

Ile 31 ya monita usiishangae. Vibandiko vyake vya kifuani havipimi hewa; vinapima jinsi ukinzani wa umeme unavyobadilika kifua kinapopanda na kushuka. Mgonjwa akikohoa, akitetemeka kwa homa au akijigeuza, mashine inaweza kuhesabu pumzi ambazo hazipo. Tena mtu aliyezibwa koo, kifua kikihangaika bila hewa kupita, mashine huweza kumhesabia kana kwamba anapumua.

Sasa 18. Zidisha namba yoyote kamili kwa 4, hutaipata 18. Labda mwenzako alihesabu nusu dakika au dakika nzima. Kama ni hivyo, namwomba radhi. Lakini nimefungua mafaili mengi mno yenye 18, 20, 18, 20 ukurasa mzima, kwa mtoto wa shule na kwa bibi wa miaka 80, mwandiko uleule, kalamu ileile. Afadhali nafasi hiyo ingeachwa wazi, maana nafasi wazi ingemfanya mtu wa zamu inayofuata anyanyuke akahesabu.

Na namba hizo za kubuni huzaliwa na imani moja ninayopambana nayo kila wiki: kwamba oksijeni ikiwa nzuri, mgonjwa anapumua vizuri. Sivyo! Kile kifaa cha kidoleni kinakueleza damu imebeba oksijeni kiasi gani. Hakikuelezi mgonjwa anatumia nguvu kiasi gani kuipata. Hiyo 97 huenda mzee wako alikuwa anaihenyea, na akichoka itashuka mkiwa mnaitazama.

Nilimkuta kijana mmoja amelazwa kwa maumivu ya tumbo. Oksijeni 99, pumzi 20 zimeandikwa mara tatu. Nilisimama miguuni pake nikamshika mkono kama napima mapigo, ili asijue ninahesabu, maana anayejua hubadilisha pumzi zake. Shuka lilikuwa linapanda na kushuka bila kupumzika, pumzi ndefu, za kina, midomo imekauka. Nilipata 36. Glukomita, kile kipimo cha sukari ya damu, haikutoa hata namba, iliandika tu kwamba sukari imepita kiwango chake. Mapafu yake yalikuwa mazima, ndiyo maana oksijeni ilikuwa 99. Damu ndiyo iliyojaa asidi ya kisukari, na mwili ulikuwa unatoa hewa ya ukaa kwa kasi ili kupunguza asidi hiyo. Yangepita masaa mengine mangapi kabla mtu hajahesabu?

Kinyume chake pia kipo. Mgonjwa aliyechomwa mofini, dawa kali ya maumivu inayopunguza kasi ya kupumua, amewekewa oksijeni, anaweza kupumua mara 6 tu kwa dakika na kidole kikasoma 98.

Tangu wakati wa Korona vifaa hivi vya kidoleni vimeingia majumbani, na sasa vimefika kwenye maduka ya dawa. Hapo ndipo uvumilivu unaponiishia. Mama anampeleka mtoto mwenye kikohozi, muuzaji anabana kidole, anasoma 98, anatangaza kwamba mapafu ni mazima, anauza chupa ya dawa ya kifua. Hakuna aliyeinua fulana ya mtoto! Kifaa cha mtu mzima kwenye kidole cha mtoto mchanga kinaweza kusoma chochote. Wengine wamenionyesha programu za simu zinazodai kuhesabu pumzi kwa kuweka kidole kwenye kamera. Sitaamua nani apelekwe wodini kwa kutumia hizo.

Kwa mtoto, subiri atulie au anyonye, mfunue tumbo na kifua, washa saa ya simu, hesabu kila tumbo linapopanda, sekunde zote 60. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi. Rudia kuhesabu, kwa sababu wachanga hupumua kwa vipindi. Miezi 2 hadi 12 ni 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi 5 ni 40 au zaidi. Ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta hewa, acha kuhesabu na umkimbize hospitali, hata kama kidole kinasoma 98.