Uliza Anti: Vikundi vimenimaliza, nitokeje?

SWALI: Anti shikamoo. Mi mama wa watoto wawili, nauza vitenge hapa Mbagala. Niko kwenye vikoba viwili, mchezo wa kila wiki wa kupeana hela kwa zamu, na magrupu ya wasap ya michango hata siyahesabu tena, mara harusi mara kitchen party mara sendofu, na kila shughuli ina sare yake. Mtaji unaisha, usiku silali nawaza marejesho. Nataka kupunguza ila naogopa wataniona najidai, halafu nikifiwa nani atakuja?
Mama Wawili, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Hilo la kufiwa ndo limekushika, sare wala siyo tatizo. Sasa angalia vikoba vyako, kipi kina mfuko wa jamii, ule mnaochangia kidogo kidogo wa ugonjwa na msiba? Hicho baki nacho. Kile kingine lipa mkopo wako taratibu, subiri mzunguko uishe mvunje, chukua hisa zako na faida uliyopata, mwaka mpya usijiandikishe, hakuna atakayekudai kitu.

Mchezo ni mwingine kabisa. Kama umeshapokea, tafadhali cheza mpaka wa mwisho naye apokee, maana ukitoka katikati umemdhulumu mwenzio aliyekuamini. Kama bado hujapokea mwambie kijumbe, yule anayekusanya hela za mchezo, mapema atafute mtu wa kushika nafasi yako, na huyo mtu akurudishie ulichokwisha toa.

Magrupu ya michango yasikutishe, tangu 2022 ukitoka kwenye grupu la wasap tangazo haliendi kwa kila mtu, wanaarifiwa maadmini tu. Ila kwa mtu wako wa karibu usitoke kimya, mwandikie, "Hongereni jamani, safari hii sitaweza kuchangia, nipo nanyi kwa dua." Basi, usianze kujieleza eti ada eti kodi, na usiandike ahadi huna hela, ile ahadi ndo inayokukosesha usingizi mama. Wale waliokuja kukufulia ulipojifungua, kwao nenda hata mikono mitupu, kakate vitunguu, watakupokea.

Sare za kabatini mpelekee fundi, kwenye gauni lako moja refu anaweza kumtolea mwanao gauni.

Anza na kijumbe, mpigie kabla ya mchezo wa wiki hii.