Tajiri amefunga gari kwenye 70

SWALI: Shikamoo mzee. Naendesha semi, Dar hadi Tunduma, huu mwaka wa sita. Dizeli ilipopanda tajiri aliita mafundi, magari yote yakafungwa kifaa cha kudhibiti mwendo yasizidi kilomita 70 kwa saa. Zamani tulikwenda 80. Sisi tunalipwa kwa tripu, kwa hiyo naona nanyang'anywa tonge mdomoni. Tena tangu wafunge, gari langu linachoka kwenye mlima Kitonga. Wenzangu wanasema yuko fundi anayefungua kimyakimya. Kweli mwendo huu unaokoa mafuta, au tunaonewa?
Dereva wa Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo fundi muache kwanza, nitamrudia.

Mafuta yanaokoka, hilo usilibishie. Kwenye tambarare gari lako linapambana na uzito wake na upepo. Uzito haujali sana kama uko 70 au 80. Upepo unajali mno, kwa sababu nguvu yake hukua kwa mraba wa mwendo: ukishuka kutoka 80 hadi 70, upepo unaokukaba kifuani unapungua karibu robo. Sisemi dizeli nayo itapungua robo, maana tani ulizobeba ziko palepale. Lakini kinachobaki kwenye tangi kinaonekana, na kwa tajiri mwenye magari 30 kinaonekana zaidi. Mwaka 2008 kampuni ya Con-way Freight ya Marekani ilishusha magari yake kutoka maili 65 kwa saa hadi 62, ni kama kutoka kilomita 105 hadi 100, kwa sababu hiyohiyo ya dizeli.

Sasa tuhesabu hilo tonge. Dar hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, lakini wewe mwenyewe unajua ni wapi hasa ulikuwa unaifikia hiyo 80. Si kwenye vijiji vyenye vibao vya 50 na matuta. Si ndani ya hifadhi ya Mikumi. Si Kitonga, ambako ukiwa na mzigo unatambaa. Tuseme ni kilomita 400 za wazi. Kwa 80 unazimaliza kwa saa 5, kwa 70 ni saa 5 na dakika 43. Dakika 43, mwanangu! Mizani ya kupima magari kuanzia Vigwaza na foleni ya mpakani Tunduma vinakula muda mwingi kuliko huo, wala hakuna anayeviita kuonewa.

Hata hivyo nipo upande wako kwenye jambo moja, na hapa nasema kwa uchungu. Tajiri anayepunguza mwendo ili aokoe, kisha akaacha malipo ya tripu na saa za kufikisha mzigo vilevile, anaokoa kwa jasho la dereva. Dereva atazifidia dakika zile kwa kukatisha usingizi, na usingizi barabarani unaua. Mwaka ule wa 2008, kampuni niliyoiendeshea nayo ilitufunga. Wengine wakakata lakiri za pampu ya mafuta, yaani mihuri inayoonyesha kama imechezewa, wakafukuzwa, wakaja wapya, nao wakakata. Ugomvi uliisha siku tajiri alipokubali kwamba lita zikibaki mwisho wa tripu, nusu ya thamani yake ni ya dereva na utingo. Tangu siku ile hakuna aliyehitaji kulindwa. Andikeni tripu zenu za miezi miwili, lita mlizopewa na zilizobaki, mwende kwa tajiri wenu wengi pamoja mkiwa na daftari hilo.

Kuhusu Kitonga: kifaa cha kudhibiti mwendo, kikifungwa inavyotakiwa, hakigusi nguvu ya mlimani. Pale uko chini kabisa ya 70, kifaa kimelala. Kama gari linachoka, basi ama aliyefunga alibana pampu yenyewe ili mafuta yaende kidogo, ama una chujio lililoziba au turbo, ile inayosukuma hewa kwenye injini, inavuja. Lipeleke likaguliwe, na useme wazi kwamba limeanza baada ya kufungwa. Fundi wa kimyakimya hatakutibia hilo. Atakuachia kosa la kukufukuzisha kazi, na ikitokea ajali kifaa kikakutwa kimechezewa, maswali yote utajibu wewe.

Tena usijidanganye kwamba gari lililofungwa haliwezi kukimbia. Kwenye mteremko kifaa hakishiki breki. Shuka na gia ileile ambayo ungepandia, mguu nje ya mafuta; injini za siku hizi hapo hazinyunyizi dizeli kabisa. Anayetoa gia ili gari liserereke haokoi kitu, anachoma breki.

La mwisho ni kupita mwenzako. Ukiwa 70 na yeye yuko 68, kumpita kwa usalama kunakuchukua zaidi ya dakika 2, na karibu kilomita 3 ukiwa upande usio wako. Mabasi ya asubuhi yanakuja kwa kasi kule mbele. Kaa nyuma yake, acha nafasi ya kutosha, mwende hivyo mpaka Makambako.