GTX 1050 Ti au RX 550 kwa Linux? Jibu langu kwa ndugu wa Kakamega

Umesema una Dell OptiPlex ya mtumba, ile nyembamba, umeipakia Debian, aina mojawapo ya Linux, na muuzaji amekuwekea mezani kadi mbili za grafiki: GTX 1050 Ti ya Nvidia na RX 550 ya AMD. Unataka gemu za Steam jioni na hutaki kusumbuliwa na draiva, yaani programu inayoendesha kadi. Basi chukua RX 550. Ndiyo, ile ya Nvidia ina nguvu zaidi, sikatai.

Draiva ya AMD, amdgpu, imo ndani ya kerneli, kiini cha Linux chenyewe, tangu toleo la 4.2 la mwaka 2015. Sehemu ya OpenGL na Vulkan, lugha ambazo gemu hutumia kuongea na kadi, iko kwenye Mesa, programu huria ambayo Debian inakuletea pamoja na vitu vingine. Ukisasisha mfumo, kila kitu kinasonga pamoja. Kinachobaki kimefungwa, yaani msimbo wake hauko wazi, ni fimweya, programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi. Hakikisha tu kifurushi cha firmware-amd-graphics kimewekwa, la sivyo utapata skrini ya ajabu ajabu na kuilaumu kadi bure.

Nvidia ni hadithi nyingine. Draiva huria ya Nouveau iliandikwa na watu waliochunguza kadi wenyewe, bila kupewa hati za kutosha. Kuanzia GTX 900 za mwaka 2014, chipu hudai fimweya yenye sahihi ya kampuni, na bila hiyo Nouveau haiwezi kupandisha kasi. Kadi inabaki na mwendo uleule wa kuwashia mashine. 1050 Ti imo kwenye kundi hilo. Msimbo ambao Nvidia iliufungua Mei 2022 unaanzia kizazi cha Turing, yaani GTX 16 na RTX 20, kwa hiyo haukusaidii. Unabaki na draiva iliyofungwa, na tawi la draiva lenye nambari 580 ndilo la mwisho kwa kadi za umri huo. Kerneli zitaendelea kubadilika, draiva yako itabaki palepale.

Ila kama riziki yako ni Blender, programu ya michoro ya 3D, usinisikilize. Cycles, sehemu yake inayotoa picha, haitumii kadi za kizazi cha Polaris kama RX 550, na hapo CUDA, mfumo wa Nvidia wa kufanyia hesabu kwenye kadi, bado ina maana, hata kama draiva imefungwa.

Mtu akikuambia Intel Arc, kadi za grafiki za Intel, mshukuru na upite. Draiva zake ni huria, lakini kadi hizo zinataka Resizable BAR (prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja), na OptiPlex nyingi za mtumba hazina. RX 6400, nyingine ya AMD, inatoshea na inakula wati 53 tu, lakini inatumia njia nne tu za PCIe, tundu la kadi, kwa hiyo kwenye madabodi (ubao mkuu) ya zamani hupungua mwendo, na haina kisimbaji cha video, kifaa cha kurekodia. Kama hurekodi gemu, na mfuko unaruhusu, ni nzuri.

Mambo ya kesi: RX 550 inakula wati 50 hivi na inapata stima yote kwenye madabodi, bila waya wa ziada. Pawasaplai ya OptiPlex haina waya huo, kwa hiyo RX 570 na 580 za bei ya kutupa sahau. Uliza pia kama kadi ina bamba fupi, ndefu haiingii.

Halafu usinunue kwa kusoma stika. Mimi hutengeneza mashine hapa Kisumu, na ninapoenda dukani kumchagulia mteja kadi, huingia na flashi yenye Linux. Kuna siku tuliwekewa kadi yenye stika ya RX 580. Nikawasha mashine ya dukani kwa flashi, nikaandika lspci -nnk, amri inayoorodhesha kadi zilizomo, ikajibu 1002:6fdf, nambari ya utambulisho ya chipu. Hiyo ni 2048SP, iliyopunguzwa: viini 2048 badala ya 2304. Muuzaji akashusha bei bila ubishi mrefu.

Wewe fanya vivyo hivyo. Kwenye mstari wa "Kernel driver in use" lazima usome amdgpu. Kisha mwombe muuzaji aiache kadi ikicheza video dakika kumi na tano ukisikiliza feni. Akikataa, nenda duka la pili.