Maswali Yenu: Maji ya Tangi la Samaki Yakiuma

SWALI: Nina tangi la kioo la lita 80, ndani mna pampu ya chujio na hita. Kila nikitia mkono kusafisha nasikia mchomo kwenye kidole chenye mkato, lakini samaki wanaogelea kama kawaida. Fundi kanishauri nivae glovu. Msomaji, Arusha

JIBU: Achana na ushauri wa glovu. Ikitoboka tundu la sindano tu, umerudi palepale. Kuanzia leo mkono usiingie majini mpaka vifaa vyote vimezimwa ukutani na plagi zimechomolewa. Plagi au ekstensheni ikiwa imelowa, usiiguse. Shusha swichi kuu kwanza.

Samaki kutulia hakukuambii lolote. Tangi la kioo juu ya meza ya mbao halina njia ya kwenda ardhini, hivyo maji yote hupanda volti kwa pamoja, na samaki wamo humo kama ndege aliyetua kwenye waya wa nguzo. Njia ni wewe, hasa ukiwa peku kwenye sakafu ya saruji. Mchomo huanza kusikika kwenye miliampia 1 hivi. Kwenye 10 misuli hukaza na mkono unaweza kugoma kuachia, na 30 zikipita kifuani moyo uko hatarini. Sakiti breka ya ampia 20 haioni chochote kati ya hivyo, kwa sababu imewekwa kulinda waya zisiungue.

Mkosaji anaweza kuwa pampu au hita, na kwa baridi ya Arusha hita tunaishuku sana. Kioo chake hupasuka maji yakipunguzwa huku inawaka, kisha yakirudishwa ya baridi. Ukiona ukungu au tone ndani ya kioo, hita hiyo imekwisha.

Kila kifaa kipime peke yake, kikiwa kimechomolewa. Chukua ndoo ya plastiki, tia maji lita 5 na kijiko cha chai cha chumvi, zamisha kifaa usiku kucha, ila plagi ibaki nje na iwe kavu. Asubuhi weka maltimita (kipima umeme) kwenye omu, yaani ukinzani, kipimo cha juu kabisa. Ncha moja iguse pini ya laivu kisha ya nyutro, nyingine iwe majini. Vidole visiguse chuma cha ncha. Kifaa kikiwa kizima, maltimita huonyesha OL, yaani ukinzani umezidi kipimo, au tarakimu 1 peke yake upande wa kushoto. Namba yoyote nyingine, hata megaomu 3, maana yake maji yameifikia shaba, na kifaa hicho hakirudi tangini. Tunasema usiku kucha kwa sababu ufa mwembamba hunywa maji polepole. Ukipima baada ya dakika mbili utakipa kifaa kibovu cheti cha uzima. Hata OL si hukumu ya mwisho, kwa kuwa betri ya maltimita ni ndogo. Vifaa vyote vikifaulu na mchomo bado upo, mwite fundi umeme mwenye mega ya volti 500 (kipima uvujaji wa umeme kwa volti kubwa), na aiangalie taa ya juu ya tangi pia.

Baada ya hapo mwambie fundi umeme afunge RCD ya miliampia 30, swichi inayokata umeme ukivuja, kwenye laini ya soketi hiyo. Ni ile swichi yenye kitufe kidogo chenye herufi T. Kibonyeze kila baada ya miezi 3, na isipodondoka ibadilishwe. Vijiti vya titani vya kuyaunganisha maji na ethi ni vizuri pale tu RCD ipo, maana uvujaji ukianza RCD itakata hapohapo. Bila RCD, kijiti hupitisha umeme majini mchana na usiku, mchomo hupungua, na wewe unadhani umepona.

SWALI: Testa inawaka nikiigusisha majini, na maltimita inasoma volti 38, lakini sisikii kitu. Nitupe pampu? Msomaji, Mombasa

JIBU: Subiri. Koili ya pampu (waya wa shaba uliozungushwa) na maji vimetenganishwa na ukuta mwembamba tu, kwa hiyo volti kidogo huruka bila waya kugusana na maji. Maltimita ya dijitali ina ukinzani wa megaomu 10 hivi, na testa nayo haihitaji umeme wa maana ili iwake. Zote mbili hupiga kelele kwa kivuli, yaani volti isiyo na nguvu nyuma yake. Nunua rezista (kipande cha kuzuia umeme) ya kiloomu 10, wati 2. Zima soketi, funga mguu mmoja wa rezista kwenye kila ncha ya maltimita, ncha moja iwe majini na nyingine kwenye ethi, kisha washa na usome bila kugusa kitu. Volti ikianguka karibu na sifuri, ulikuwa unapima kivuli. Ikibaki 38, karibu miliampia 4 zinapita kweli. Kama usomaji wa mwanzo unazidi volti 100, usijaribu rezista. Zima, chomoa, upime kwa ndoo kama tulivyomweleza msomaji wa Arusha. Na hakikisha tundu la ethi lina waya nyuma yake. Soketi nyingi zina tundu tupu.

SWALI: Umeme ukikatika na kurudi, pampu inanguruma bila kusukuma. Msomaji, Dodoma

JIBU: Rota, kile kipande kinachozunguka ndani ya pampu, imekwama, na koili inazidi kupata joto kila dakika. Hapo ndipo epoksi (gundi ngumu) inayoifunika hupasuka, na pampu iliyokwama leo huwa pampu inayovuja kesho. Chomoa, fungua kifuniko, vuta rota yenye sumaku. Ukoko mweupe ni chokaa ya maji magumu: loweka rota na kifuniko saa 1 kwenye siki na maji nusu kwa nusu, piga mswaki ndani ya tundu, suuza. Kagua mhimili wa kauri kama haujavunjika. Sumaku iliyovimba au kutoa kutu haisafishwi, hununuliwa nyingine. Kisha pima mtiririko: chupa ya lita 1 ikijaa kwa sekunde 10, unapata lita 360 kwa saa, zinazotosha tangi la lita 80.

Pia usiinue pampu kwa waya wake. Pale waya unapoingia ndani ndipo penye udhaifu kuliko pote.

SWALI: Naweza kuziba ufa wa pampu kwa gundi ya supa au silikoni? Msomaji, Kisumu

JIBU: Hapana. Unyevu umeshaingia, na gundi inaufungia ndani. Shaba inayoyeyuka humo pia huua konokono na uduvi.

SWALI: Pampu yangu ina pini mbili. Naichomeka soketi ya matundu matatu kwa kusukuma tundu la juu na kalamu. Msomaji, Tabora

JIBU: Pini hizo hulegea, hupata moto na kuyeyusha soketi. Tena umekosa fyuzi ya ndani ya plagi. Kata, funga plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampia 3. Waya zikiwa mbili, pini ya ethi ibaki tupu. Waya ushuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone linaloteleza lidondoke sakafuni.